Yai Halikuwa Langu

Shamsa mwanangu,

Asubuhi nilikutolea salamu, ukanipita jikoni bila kuitika. Hizi hapa ni za pili, na hizi itabidi uzisome.

Umekwenda Shela kumuaga mama yako mdogo Maimuna. Baba yako yuko gatini, ameinamia mashine ya boti ya watu. Nimeshaswali alasiri, nimejifungia chumbani na daftari lako moja la shule ulilolibakisha nusu tupu, na nitaandika mpaka nisikie viatu vyako uani. Kesho asubuhi unavuka kwa boti mpaka Mokowe, bara, kupanda basi la Nairobi, na sitaki uondoke na jibu nililokupa Alhamisi.

Sitaandika habari za chandarua, wala za kufunga mlango wa hosteli, wala ule nini na usile nini. Mtu akifika miaka kumi na minane hajui kuosha sahani yake, barua haitamfundisha. Nataka kulijibu swali lako. Ulirudi kutoka harusini ungali na nguo za sherehe, hina mkononi, ukasimama mlango wa jikoni ukaniuliza, "Mama, ni kweli?"

Nami nikakujibu, "Nani kakwambia?"

Ulinitazama kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Ukaingia chumbani ukafunga mlango, na tangu siku ile tunaishi humu ndani kama wapangaji wawili.

Aliyekwambia nilimjua kabla hujavua viatu, maana watu walinipigia simu ukiwa bado ndiani unarudi. Shangazi yako Swafiya alikuwa akikukanya mbele ya wanawake waliokuwa wakipakua pilau, kwamba msichana wa kwao haendi Nairobi peke yake kusomea kupima viwanja vya watu. Ukamwambia kwamba wa kwenu huyu anakwenda, na tiketi anayo. Naye akakwambia, "Wewe si wa kwetu. Kamuulize Rukia yai lilikuwa la nani."

Basi nakujibu. Ni kweli. Yai lililokufanya halikuwa langu. Lilitoka kwa mwanamke wa Nairobi ambaye sijamwona hata siku moja. Mbegu zilikuwa za baba yako. Tumbo lilikuwa langu, uchungu niliuumwa mimi, na maziwa uliyonyonya miaka miwili yalitoka kifuani kwangu.

Sikuandikii kukuomba radhi kwa kuzaliwa kwako. Radhi nitakuomba humu ndani, lakini kwa mambo mengine, na nitayataja. Kwa kukutafuta mpaka nikakupata simwombi radhi mtu. Si wewe, si Swafiya, si Amu nzima kuanzia gatini mpaka mtaa wa mwisho.

Niliolewa kutoka Pate nina miaka ishirini na miwili. Baba yako alilelewa na dada yake Swafiya baada ya mama yao kufariki, na ile nyumba yao ya mjini yenye kuta nene, yeye ndiye aliyeshika funguo zake. Watu wa nyumba ile wanaweza kukutajia mababu saba bila kuvuta pumzi. Siku nilipoingia bibi arusi, Swafiya alinishika mkono, akanipandisha ngazi, akanionyesha chumba cha juu. "Hapa ndipo tunapozalia," akasema. Sikuona ubaya. Niliona nimekaribishwa.

Mwaka wa kwanza waliniuliza. Wa pili wakanishauri. Baadaye wakaanza kuniletea vitu: mizizi ya kuchemsha, kombe la aya za Kurani la kunywa kwa siku saba, mafuta ya kukandwa tumbo na bibi mmoja ambaye kila akimaliza alisema, "Mwezi huu, mwezi huu." Nilivinywa vyote na nilikandwa mpaka nikachubuka. Ulipofika mwaka wa saba hakuna aliyeniuliza tena, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wakimwuliza baba yako.

Tukaenda Mombasa kwa daktari wa wanawake. Alikuwa kijana, mpole, na alinigeuzia ile skrini ili nami nione.

"Bi Rukia, mfuko wako wa uzazi ni mzima kabisa," akaniambia. "Lakini mayai yamekwisha."

"Yamekwisha vipi? Nina miaka ishirini na tisa."

"Kwa wanawake wengine hukoma mapema. Hukufanya kosa lolote."

Nilitaka anitajie kosa. Kosa ningelitubia. Kisha akasema kuna njia nyingine: mwanamke mwingine hutoa mayai yake, yakachanganywa na mbegu za mume wangu maabara, halafu kile kilichoshika kikapandikizwa tumboni mwangu. Baba yako alisimama akatoka nje kabla hajamaliza kusema.

Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kupika kwenye nyumba ya wageni pale Shela, kazi ambayo Maimuna alinitafutia. Siku ya pili baada ya kurudi, nilikuta trei ya mayai juu ya meza ya jikoni, na mgeni wa kwanza kuamka akaagiza mayai mawili ya kukaanga. Nilishika moja nikasimama nalo, sijui kwa muda gani. Nikamsikia mgeni anakohoa barazani. Nikalipasua, nikalikaanga, nikampelekea na mkate. Nilipasua mayai asubuhi zote za mwaka ule, na hakuna siku iliyokuwa rahisi kuliko ile ya kwanza. Nakwambia hili kwa sababu watu watakwambia mamako alikimbilia jambo lile kwa tamaa, bila kufikiri. Nililifikiria kila siku, mafuta yakichemka.

Swafiya naye alikuwa na dawa yake. Alimtafutia baba yako mke wa pili, msichana wa Siyu, mzuri, mtulivu. Sikuwa na neno naye na hata leo sina. Baba yako alikubali. Usishtuke, ni yeye aliyeniambia nisikufiche. Alikubali, na posa ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa.

Nilimngoja amalize kula nikamwambia, "Ukimuoa yule, mtoto atakuwa wako na wa mwanamke mwingine, nami nitamtazama kutoka mlangoni. Huyu anayemsema daktari atakuwa wako na wa mwanamke mwingine, nami nitambeba mwenyewe. Niambie tofauti iko wapi."

"Tofauti ni ndoa, Rukia," akanijibu.

Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina, na sitajifanya ninalo. Akaenda kumwuliza Maalim aliyemsomesha utotoni. Akarudi akasema Maalim amemwambia haijuzu, na amemwambia kwa huruma, lakini haijuzu.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilipata mwanachuoni mwingine aliyesema inafaa. Watu hufanya hivyo, huzunguka mpaka wapate fatwa inayowafurahisha. Mimi sikuzunguka. Nililisikia neno la Maalim, nikalijua, nikaendelea. Tangu hapo sijakosa swala na sijakosa Ramadhani, na kila nikisujudu namwambia Mola wangu kwamba nililolifanya analiona na sikulificha kwake. Siku ya kuulizwa nitaulizwa mimi. Wewe hutakuwemo katika swali hilo, na mtu yeyote atakayetaka kukutia ndani yake, mwambie akaniulize mimi, naishi Wiyoni.

Kilichomgeuza baba yako hakikuwa maneno yangu. Ilikuwa siku ya arobaini ya mjukuu wa Swafiya. Wanawake walikuwa wakipokezana mtoto, na alipofika mapajani kwangu nilimshika kama wenzangu walivyomshika. Swafiya akaja, akamchukua kutoka mikononi mwangu, akasema, wala hakupunguza sauti, "Mpisheni mtoto. Mkono wa tasa hauna heri kwake."

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na kreti ya soda aliyotumwa kuleta. Akaiweka chini. Akaingia palepale katikati ya wanawake, jambo ambalo si desturi, mpaka wengine wakajitanda haraka.

"Rukia, vaa buibui twende," akasema.

Tulitembea kichochoro baada ya kichochoro. Tulipotoka mwisho wa mtaa wa Langoni akaniuliza, "Yule daktari alisema tunaweza kwenda lini?"

Mwezi uleule tulihama ile nyumba. Tukaja Wiyoni, vyumba viwili vya mabati, choo cha kushirikiana. Msichana wa Siyu alipelekewa neno la heshima na akaolewa na mtu mwingine. Mimi nikauza fungu la minazi niliyorithi Pate kwa babangu. Bei sikwambii, maana sikununua mtoto. Nililipa madaktari, kama anavyolipa mtu aliyevunjika mguu.

Kule Nairobi, kwenye hospitali aliyotuelekeza yule daktari, kabla ya yote walitukalisha na mshauri, mama mmoja mwenye miwani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto akizaliwa, mtamwambia?"

Baba yako akasema, "Hapana."

Mimi nikasema, "Tutamwambia."

Mimi ndiye niliyesema hivyo, Shamsa. Likumbuke hili ukinihukumu. Baba yako hakuahidi chochote. Aliyeahidi ni mimi, kisha nikanyamaza miaka kumi na minane.

Wakatupa karatasi tatu za wanawake watatu, hazina majina wala picha. Baba yako alitaka Muislamu wa pwani. Hakuwepo.

"Hatujui hata kabila," akaninong'oneza.

"Mtoto atajua kabila lake kwa wale watakaomlisha," nikamwambia.

Karatasi zilikuwa na umri, urefu, kundi la damu, magonjwa. Kulikuwa na mahali pa kuandika tabia. Mmoja aliandika mpole na mcheshi. Mwingine akaandika mcha Mungu na mwenye bidii. Wa tatu, wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi, mrefu, mwenye mtoto mmoja, aliandika neno moja tu: mbishi. Na penye sababu za kutoa mayai aliandika kwamba mama yake mdogo aliyemlea hakujaliwa mtoto, na kwamba mama huyo alikuwa akifungulia maji bafuni ili wasimsikie akilia.

Nikaweka kidole juu ya karatasi ile. "Huyu," nikasema. Baba yako akaisoma, akanitazama, akasema, "Wawili ndani ya nyumba moja nitawaweza?" Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tulipotoka Mombasa.

Kwa hiyo ubishi wako, ambao walimu walikuitia mzazi mara nne, sijui umeutoa wapi. Watu husema umenirithi. Mimi hunyamaza, maana huenda ni wangu kwa kukulea na wake kwa kukuzaa, na sioni haja ya kumnyang'anya mwenzangu.

Dawa zilikuwa za kumeza kwanza, kisha sindano za matakoni kila siku. Baba yako ndiye aliyenidunga. Aliondoka gatini mikono inanuka dizeli, akaisugua kwa ndimu na sabuni mpaka ngozi ikawa nyeupe, akanidunga huku mwenyewe amefumba jicho moja. Nilimwambia afumbue yote mawili. Mwaka ule tulicheka kuliko miaka saba iliyotangulia. Hakuna mtu aliyejua ila Maimuna. Yeye nilimwambia kwa sababu ni mdogo wangu na kwa sababu nilihitaji mtu mmoja wa kuogopa naye.

Mara ya kwanza haikushika. Nilikuwa nakata vitunguu kule Shela nikasikia damu ya moto inateremka mapajani, nikajua. Nilimaliza vitunguu. Nikarudi Amu kwa miguu, ufukwe mzima, na nilipofika nyumbani baba yako aliniona tu, akaenda kunichotea maji ya kuoga.

Kulikuwa na viinitete vingine viwili vilivyowekwa kwenye barafu kule hospitalini. Kila mtu aliyenipenda angeniambia nipumzike, kwa hiyo sikumwuliza mtu. Miezi minne baadaye nilikuwa nimelala tena juu ya kitanda kilekile cha Nairobi, daktari akavipandikiza vyote viwili. Kimoja hakikukaa. Kilichokaa ni wewe.

Ulizaliwa Jumatatu asubuhi katika hospitali ya hapahapa, kwa hasira, ngumi umezikunja, na mkunga akasema, "Huyu amekuja kudai haki yake." Nilikushika ukiwa bado na damu yangu mwilini. Nilikuwa nimejiuliza miezi yote tisa kama nitakutazama nimwone mgeni. Ulifungua jicho moja, na mimi nikakujua. Sina namna nyingine ya kulisema.

Ulipotimiza siku arobaini nilikupeleka kwa Maalim. Baba yako hakutaka, nikaenda peke yangu. Mzee wa watu alikuwa ameketi na msahafu wake. Nikamwambia, "Maalim, ulisema tusifanye. Tumefanya. Huyu hapa."

Akaufunga msahafu, akasema, "Nililosema sikulibadilisha. Lakini mtoto hana kosa. Unamnyonyesha?"

"Namnyonyesha."

"Mnyonyeshe miaka miwili kamili. Umemzaa na unamnyonyesha. Mtu asije kukwambia si mwanao." Akanyoosha mkono akakuwekea kichwani, akakusomea dua. Mimi siku ile nilirudi nyumbani nimeinua kichwa, na sikukiinamisha tena mbele ya mtu. Nilikiinamisha mara moja tu, na hiyo ndiyo radhi yangu ya kwanza kwako.

Ulikuwa na miaka tisa. Pumu ilikuwa imekubana usiku kucha, na asubuhi tulikuwa mbele ya daktari, wewe mapajani kwangu kifua kinapiga filimbi. Akauliza, "Upande wa mama kuna pumu? Kuna mtu asiyeweza dawa fulani?" Nami nikasema, "Kwetu hakuna."

Nilikuwa nasema habari za Pate. Za mamangu na ndugu zangu, ambao mapafu yao hayakuhusu mapafu yako. Daktari akaandika. Nilimdanganya mtu aliyeshika sindano ya mwanangu, kwa sababu muuguzi aliyekuwa pembeni ni jirani yetu.

Baba yako alinivuta mpaka nje. "Rudi ukamwambie kweli," akasema.

"Yule muuguzi akisikia, kesho Amu nzima itajua. Yatosha Maimuna kumwambia Swafiya."

"Aliyemwambia Swafiya si Maimuna," akasema. "Nilimwambia mimi, Shamsa ana miaka mitatu."

Niliushika ukuta wa pale nje, na mpaka leo naukumbuka ulivyokuwa baridi. Kwa nini nilishtuka hivyo, itabidi nirudi nyuma kidogo.

Ulipozaliwa, Swafiya alikuja siku ya tatu. Alikutazama machoni akasema, "Mato haya ni ya mamangu," akalia machozi. Ikawa kila Ijumaa anakuja Wiyoni na vitumbua, anakubeba mgongoni, anakuimbia. Alikupenda kweli, na simnyimi hilo. Kisha ghafla akaacha. Sikukuu ya Idd nikakupeleka kwake, akaniambia kwa sauti ndogo, sisi wawili tu, "Mtoto wa kutengenezwa." Nikajua amejua. Na mtu wa nje aliyejua, ukimwacha Maalim, alikuwa mmoja tu.

Nilikwenda moja kwa moja Shela kwa Maimuna. Nilimtukana mbele ya wanawe. Nilimwambia mdomo wake ndio uliotoboa siri ya mwanangu, na asikanyage kwangu. Alijaribu kusema, nikamkatiza. Miaka sita nilipita mbele ya mlango wake kwenda kazini na kurudi, nikitazama upande wa pili. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho nilisikia kwa watu.

Kumbe alikuwa baba yako. Swafiya alikuwa amesema atakuandikia wewe kile chumba cha juu, na baba yako hakuweza kuona dada yake anatoa haki bila kujua anachotoa. Alimwambia kwa uaminifu. Kisha akaniona nikimfukuza Maimuna, akaogopa, akanyamaza.

Nilirudi ndani nikamwambia daktari kweli, muuguzi akisikia. "Upande wa mama siujui," nikasema. "Yai si langu." Daktari akakata mstari juu ya alichokuwa ameandika, akaandika upya, akaendelea na kazi. Muuguzi akanishikia mkoba. Hayo tu ndiyo yaliyotokea. Nilikuwa nimeliogopa neno lile miaka tisa.

Jioni ile nilikwenda kwa Maimuna. Alikuwa anapeta mchele barazani. Aliniacha nimesimama mbele yake mpaka akaumaliza wote, na ulikuwa mwingi. Nilistahili kusimama hata zaidi ya hapo. Ndiyo maana leo umekwenda kwake, na ndiyo maana kila nikichelewa kurudi anapiga simu kama askari. Mwulize akusimulie mwenyewe, mimi nitajipendelea.

Hofu ilinifanyia hivyo, Shamsa. Mtu ambaye hakuogopa daktari, wala wifi, wala kuuza minazi ya babake, aliogopa neno, akamtupa ndugu yake na akamdanganya daktari. Na hata baada ya kulisema mbele ya wale wawili na dunia isianguke, sikulisema mbele yako. Nilisema ukifika kumi. Ulipofika kumi nikasema ukivunja ungo. Ukavunja ungo, nikasema usiharibikiwe na mtihani. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri. Nakuomba radhi kwa hilo. Ulistahili kulisikia kwangu, umekaa hapa kitandani, na ukakasirika ukiwa kwenu. Ukalisikia kwenye sinia la pilau.

Ijumaa, baada ya swala, baba yako alikwenda kwa dada yake. Nilitaka kwenda naye akakataa. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nimekosa nini?" Swafiya akamwuliza. "Nimesema kweli."

"Ilikuwa kweli yetu," baba yako akamjibu. "Kuisema haikuwa kazi yako. Na jina langu analo, hilo halitoki."

Alirudi amechoka kama aliyebeba mashine peke yake. Nami nikikumbuka kwamba Swafiya aliificha miaka kumi na mitano bila kumwambia jirani, siwezi kumchukia vizuri kama nilivyotaka. Wewe mchukie au usimchukie, upendavyo. Ni shangazi yako kwa damu, na hilo hata yeye hawezi kulifuta. Huenda hayo macho ni ya mama yao kweli.

Sasa kuna mambo ambayo lazima uyajue kabla ya kuondoka, maana haya chandarua hakiyazuii. Daktari yeyote akikuuliza upande wa mama, mwambie haujulikani, na umwambie ukimtazama usoni. Kijana akija kukuposa kutoka huko bara, uliza kwao vizuri, na pimeni damu, kwa sababu yule mwanamke alikuwa na mtoto wake, na huenda amezaa wengine. Yupo mtu duniani ambaye ni nduguyo, mkubwa wako kidogo. Nimeliwaza hilo mara nyingi na sikulipenda kwanza. Sasa nalipenda. Ulikuwa ukiniomba ndugu.

Na utakuwa ukitembea Nairobi, utaona mwanamke mrefu amesimama dukani anabishana juu ya chenji yake, na moyo utashtuka. Usiogope kwamba nitaumia. Jana mimi na baba yako tulikwenda kwa wakili tukatia sahihi barua ya kuiruhusu hospitali ikufungulie faili letu lote. Iko ndani ya mkoba wako, chini ya cheti cha kuzaliwa. Nilipiga simu, wakaniambia hawaahidi kitu, wakati ule wanawake wengine walitoa kwa sharti la kutojulikana, na sharti litaheshimiwa. Lakini wakasema ukiandika ombi, watamtafuta na kumwuliza. Uandike au usiandike, ni lako. Andika kesho, andika ukiwa na wanao, usiandike kabisa. Sitakuuliza.

Ila ukiandika, na akakubali, na mkakutana, nina neno moja la kumpelekea. Usimpe shukrani zangu, hizo nitazitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwambie anakaribishwa Amu. Akishuka gatini aulize nyumba ya Rukia mpishi, Wiyoni, mtu yeyote atamwonyesha. Asijifunike uso, na asije jioni jioni kama mtu anayejificha. Aje mchana, watu wakiwa wamejaa vibarazani, na watakaouliza ni nani huyo, nitawajibu mimi.

Nasikia mlango wa uani.

Mamako,
Rukia